UZI: Lisbon ya watu wawili kwa siku tatu na nusu. Panga kwa vilima, usipange kwa orodha ya vivutio

#1 Mwambao_77

Wakuu, salaam. Kule kwenye uzi wa mapumziko ya wanandoa swali la Lisbon limerudi mara nyingi mno, na majibu yamezidi kuwa picha za kitramu cha njano. Hapa tuweke mambo ya kazi tu. Wenye kuujua mji warekebishe nitakapoteleza.

Lisbon imekaa juu ya vilima. Ukiitazama ramani kwenye simu, ngome ya São Jorge na uwanja wa Rossio vinaonekana majirani wa kuazimana chumvi. Ramani haikuonyeshi mpando ulioko katikati. Watu wanaandika vivutio kumi, wanavivuka kwa mguu, na kufika saa tisa alasiri mmoja yuko hatua hamsini mbele na mwenzake amekaa kwenye ngazi hasemi. Kwa hiyo kanuni ya uzi huu ni kilima kimoja kwa nusu siku: unapanda kwa mashine, unashuka kwa miguu.

Saa zote nimeziandika Kiswahili. Nikisema saa tatu asubuhi, saa ya ukutani kule itasoma 9:00. Lisbon iko nyuma ya Dar na Nairobi kwa saa mbili majira ya joto, saa tatu majira ya baridi.

Ratiba:

Siku ya kufika (nusu siku): Baixa, yaani bondeni, ambako ni tambarare. Rossio, kanisa la São Domingos, mtaa wa Rua Augusta hadi Praça do Comércio mtoni. Jua likizama kaeni kwenye zile ngazi za Cais das Colunas. Msipande popote.

Siku ya 1: ngome na Alfama asubuhi, mpumziko mchana, kilima cha Graça jioni kwa ajili ya machweo.

Siku ya 2: Belém asubuhi, feri ya kuvuka mto hadi Cacilhas alasiri.

Siku ya 3: Chiado na magofu ya Carmo, kisha jumba la makumbusho la Janelas Verdes. Wengine watataka Sintra siku hii, mji wa makasri kilimani nje ya Lisbon. Tutabishana huko chini.

Angalizo la kalenda: nyumba ya watawa ya Jerónimos iliyoko Belém na majumba mengi ya makumbusho ya serikali hufungwa Jumatatu. Siku yenu ya Belém isiangukie Jumatatu. Kosa hili ndilo linaloongoza, na halina dawa mkishafika.

#2 ReliYaKati

Uzi umetulia mkuu. Niongeze upande wa usafiri, maana hapo ndipo fedha zinapovuja.

Mkitoka uwanja wa ndege, metro iko palepale mlangoni, mstari mwekundu. Kwenda Baixa mnabadilisha kituo cha Alameda, mnaingia mstari wa kijani, mnashukia Rossio au Baixa-Chiado. Haizidi dakika 30 hivi.

Kadi inaitwa navegante ocasional. Ni karatasi ngumu, bei senti 50 za euro, inadumu mwaka mmoja. Kila mtu lazima awe na yake. Mkiwa wawili hampiti lango kwa kadi moja hata ikiwa na salio la kutosha. Kwenye mashine mnachagua lugha, mnachagua kununua kadi mpya, mnaweka idadi 2, kisha mnachagua cha kupakia:

- Tiketi ya saa 24 ya metro, basi na tramu: kiasi cha euro 7. Saa zinaanza kuhesabiwa mnapoigusisha mara ya kwanza, si mnaponunua.
- Zapping: mnapakia fedha (kuanzia euro 3) na zinakatwa kila safari. Hii ndiyo inayokubalika pia kwenye treni za Sintra na Cascais na kwenye feri.

Sasa mtego. Kadi moja haibebi aina mbili kwa wakati mmoja. Ukishapakia zapping, huwezi kuweka tiketi ya saa 24 juu yake mpaka salio liishe. Watu wanabishana na mashine dakika kumi, foleni inanuna nyuma yao. Dawa ni senti 50 nyingine: kila mmoja awe na kadi mbili, moja muiandike Z kwa kalamu, ya pili muiandike 24. Zinafanana kama mapacha, msipoziandika mtagusisha isiyo yenyewe.

Tiketi ya kununua kwa dereva wa tramu inazidi euro 3 kwa kichwa, na haina faida yoyote ya ziada.

#3 BintiMrima

@ReliYaKati kwa siku gani nitumie ya saa 24 na siku gani zapping?

#4 ReliYaKati

@BintiMrima dada, hesabu safari. Safari moja haifiki euro 2. Siku ya ngome na Alfama mtapanda tramu au basi mara nne au tano, hiyo ni siku ya saa 24. Siku ya Belém na feri ni zapping. Siku ya kufika ni zapping pia, maana ni metro moja tu. Sintra ni zapping, na pale mkumbuke kugusisha kadi mnapoingia NA mnapotoka kituoni, la sivyo mfumo unahesabu safari haijaisha.

#5 Kahawa_Chungu

Kuhusu mashine za kupandia vilima, kuna za kulipia na za bure, na za bure hazina foleni.

Lifti ya chuma ya Santa Justa (ya mwaka 1902, urefu wa mita 45) ikiwa inafanya kazi, ina foleni ya kukatisha tamaa mchana. Kumbe daraja lake la juu linafikika bure: pandeni hadi Largo do Carmo, piteni ubavuni mwa magofu ya Carmo, mtatokezea kwenye daraja lenyewe. Mandhari ni yaleyale.

Kufika Chiado bila kupanda: ingieni kituo cha metro cha Baixa-Chiado kwa mlango wa bondeni, fuateni ngazi za umeme bila kuvuka malango ya tiketi, mtatokezea juu Chiado. Hakuna anayewadai kitu.

Kwenda ngome: Rua dos Fanqueiros kuna lifti ya manispaa ndani ya jengo la kawaida kabisa, mlango wake unaweza kuupita mara tatu usiuone. Inawatoa Rua da Madalena. Vukeni uwanja mdogo, kuna lifti ya pili kwenye jengo lenye duka kubwa la vyakula chini. Ikiwafikisha juu, kilichobaki ni mwendo mfupi wa kupanda polepole. Zote mbili bure. Asiyetaka kutafuta milango achukue basi 737 kutoka Praça da Figueira, linafika karibu na lango la ngome.

Na vile vibehewa vya kebo vya kupandia mitaa mikali: kile cha Glória kilianguka tarehe 3 Septemba 2025, kebo iliyounganisha mabehewa mawili ilipoachia, wakafa watu 16. Vingine navyo vilisimamishwa kukaguliwa. Vitabu vingi vya watalii bado vinakielekeza kama njia ya kupandia Bairro Alto. Msijenge ratiba juu yake.

#6 MsafiriWaThika

Na tramu 28? Kila mtu anaitaja hiyo.

#7 Kahawa_Chungu

@MsafiriWaThika inatajwa na kila mtu, ndiyo shida yake. Behewa ni dogo, viti ni kama 20, na kituo cha Martim Moniz foleni inazunguka uwanja. Wachomoa mifuko wanaipenda kuliko watalii wanavyoipenda. Wanafanya kazi mlangoni wakati wa kupanda: mmoja anasita mbele yako, mwingine anakusukuma nyuma, mkono wa tatu uko mfukoni. Simu iwe mkononi au mfuko wa mbele wenye zipu, begi la mgongoni lihamie kifuani.

Mkiitaka kweli, nendeni kabla ya saa tatu asubuhi, au mwanzie upande wa pili, kituo cha Prazeres huko Campo de Ourique. Mbadala wa busara ni tramu 12: behewa lilelile la kizamani, inazunguka Alfama kwa mduara mfupi, foleni yake ni ya binadamu.

#8 Mwambao_77

Naongeza viatu, kwa kuwa hakuna aliyevitaja. Njia za miguu za Lisbon zimetandikwa vijiwe vidogo vya chokaa, vimesuguliwa na nyayo miaka mingi mpaka vinang'aa. Mvua ya dakika tano tu vinakuwa sakafu ya bafuni yenye sabuni. Soli iwe ya mpira laini yenye mikunjo. Viatu vya kisigino chembamba kisigino kinaingia katikati ya vijiwe na kubaki humo. Shemeji zetu wakibisha, waonyesheni post hii.

Begi la magurudumu nalo linateseka kwenye vijiwe hivyo. Ndiyo sababu ya kuchagua malazi kwa makini. Alfama inapendeza kwenye picha, lakini teksi haifiki mlango wa nyumba nyingi. Mtabeba mizigo juu ya ngazi. Bairro Alto kelele za baa ni hadi alfajiri. Kwa watu wawili wanaotaka usingizi na metro karibu, angalieni Baixa, Avenida da Liberdade, Marquês de Pombal au Saldanha. Mfuko ukibana, Anjos na Arroios ziko kwenye mstari wa kijani.

Kila mtu mzima anadaiwa kodi ya utalii ya manispaa, euro 4 kwa usiku, na mara nyingi haimo kwenye bei ya mtandaoni. Wawili, usiku tatu, ni euro 24 mtakazoombwa mapokezini.

#9 BintiMrima

Hapo kwenye malazi naongeza jambo dogo linalowagusa wenza moja kwa moja. Chumba kinachoandikwa "duplo" mara nyingine kina vitanda viwili vya mtu mmoja mmoja. Mnachotafuta ni "cama de casal". *Casal* maana yake ni mume na mke, kwa hiyo hapo hakuna utata.

#10 Kitenge_na_Kofia

Naomba tuzungumzie viza kabla ya mambo ya vitanda. Wengi wanafeli hapa hata ndege hawajaiona.

Wenye pasipoti za Tanzania, Kenya, Uganda, Kongo, Rwanda, Burundi wanahitaji viza ya Schengen, yaani viza moja ya kundi la nchi za Ulaya, Ureno ikiwemo. Mwenye kibali cha ukaazi cha nchi ya Schengen (Ujerumani, Uholanzi, Sweden n.k.) haombi tena, anaingia na kibali na pasipoti. Mwenye kibali cha Uingereza ANAOMBA. Hili linawachanganya sana ndugu zetu wa London.

- Ada ni euro 90 kwa mtu mzima. Hairudishwi mkikataliwa.
- Maombi yapelekwe si zaidi ya miezi 6 na si chini ya siku 15 kabla ya safari. Uamuzi kwa kawaida ni siku 15, unaweza kuvutwa hadi 45. Tatizo halisi ni miadi, si uamuzi; tafuteni miadi kwanza.
- Bima ya afya ya safari isiyopungua euro 30,000, iguse nchi zote za Schengen na siku zote za safari.
- Pasipoti iwe na umri usiozidi miaka 10, ibaki hai angalau miezi 3 baada ya kutoka Schengen, na kurasa 2 tupu.

Ndoa haiunganishi fomu. Kila mmoja anajaza yake, analipa yake, anatoa alama zake za vidole. Mmoja akimlipia mwenzake, wekeni cheti cha ndoa, barua fupi ya kugharamia, na taarifa ya benki ya anayelipa kwenye mafaili YOTE mawili. Mafaili yanaweza kusomwa na maofisa wawili tofauti. Likikosekana kwenye moja, mume anapata viza mke anakosa, au kinyume chake.

Taarifa ya benki: fedha nyingi zikiingia wiki moja kabla ya maombi bila maelezo zinaleta shaka. Kama ni mauzo ya shamba au malipo ya mchezo wa kikundi, ambatisheni hati yake.

#11 MsafiriWaThika

@Kitenge_na_Kofia asante sana mkuu. Na tukitaka kupitia Paris siku mbili ndipo twende Lisbon tatu?

#12 Kitenge_na_Kofia

Mnaomba Ureno, kwa sababu ndiko mtakakolala siku nyingi zaidi. Siku zikilingana, mnaomba nchi mnayoingilia kwanza.

Na mjue ukaguzi wa uhamiaji unafanyika mlango wa kwanza wa Schengen. Ndege ikipitia Amsterdam, Paris au Frankfurt, mnakaguliwa huko, na tangu Oktoba 2025 umeanza mfumo wa kuchukua alama za vidole na picha ya uso badala ya mhuri. Unachukua muda. Msikate tiketi yenye dakika 60 za kubadilisha ndege. Mkipitia Istanbul, Dubai au Doha mnakaguliwa Lisbon yenyewe, na foleni yake si ya kubeza. Siku hiyo msiweke miadi yoyote ya jioni yenye kulipiwa kabla.

#13 Sheha_wa_Mtandaoni

Mwambao, Belém umeipita kama daladala iliyojaa. Ndiyo sehemu ambayo sisi watu wa pwani tunaisoma tofauti na mtalii mwingine, kwa hiyo niruhusu niikalie kidogo.

Kwenda: treni kutoka Cais do Sodré hadi kituo cha Belém ni dakika chache, zapping inakubalika. Tramu 15 inafika pia lakini inajaa mno. Muwe mlangoni kabla ya saa tatu na nusu.

Jerónimos ina milango miwili na foleni mbili. Ua wa ndani wenye nguzo za kuchongwa ni wa kulipia, tiketi mnunue mtandaoni siku za kabla. Kanisa ni bure. Watu wanasimama kwenye foleni ndefu ya ua wakidhani ndiyo ya kanisa. Ratiba ya kanisa haifanani na ya ua, na Jumapili asubuhi kuna misa.

Mkiingia kanisani, hapohapo chini ya roshani ya kwaya, kushoto ni kaburi la Vasco da Gama. Ndiye yuleyule wa nguzo ya Malindi, aliyefika huko Aprili 1498 baada ya mambo kumharibikia Mombasa, akapewa rubani wa kumvusha hadi India. Alifia Cochin 1524. Kulia ni kaburi la mshairi Camões. Ujenzi wa jengo lote ulianza karibu mwaka 1501 au 1502, na sehemu kubwa ya gharama ililipwa kwa ushuru wa 5% uliotozwa biashara ya Afrika na Mashariki. Zile nguzo zilizosukwa kama kamba za jahazi zina mkono wetu ndani yake, kwa kupenda na kwa kutopenda.

Mnara wa Belém ulifungwa 2025 kwa ukarabati. Kabla hamjanunua tiketi yoyote angalieni tovuti yake. Kuutazama kwa nje ni bure na hampotezi kikubwa, ndani ni ngazi nyembamba na foleni. Mnara wa wavumbuzi, wa mwaka 1960, uko karibu; chini yake kuna ramani ya dunia ya marumaru sakafuni. Tafuteni pwani yetu mpige picha, msonge mbele.

Sasa la muhimu kuliko yote. Kitu cha Kilwa hakiko Belém tena. Kiko Museu Nacional de Arte Antiga, mtaa wa Janelas Verdes. Ni chombo cha ibada cha dhahabu kinachoitwa Custódia de Belém, urefu wake ni kama sentimita 73, kazi ya sonara Gil Vicente, kilimalizika 1506. Dhahabu yake ni ile ambayo Vasco da Gama alimlazimisha mtawala wa Kilwa kuilipa kama kodi ya utii katika safari yake ya pili. Msiishie kutazama juu kwenye vile vinara na sanamu ndogo za mitume. Pigeni magoti kidogo, someni maandishi yaliyozunguka kitako: mfalme Dom Manuel aliagiza kifanywe kwa dhahabu ya kodi ya QUILOA. Jina la Kilwa limeandikwa pale kwa herufi za rangi, miaka mia tano na ushee, na watalii wanapita wakitafuta choo.

Kufika: tramu 15 au basi, mshuke upande wa mtoni, kuna ngazi ndefu za mawe za kupanda hadi kwenye bustani ya jumba. Asiyetaka ngazi achukue basi linalopita juu, mtaa wenyewe wa Janelas Verdes. Kumbi za jumba hili nazo hufungwa kwa zamu kwa ukarabati, hivyo thibitisheni kuwa ukumbi wa vitu vya dhahabu uko wazi siku yenu. Jumatatu imefungwa.

#14 BintiMrima

@Sheha_wa_Mtandaoni Mungu akuweke, sheha. Siku ya 3 ya ratiba nimeielewa sasa ni ya nini.

#15 Dereva_Mstaafu

Wakuu, mnasema siku ya 3 makumbusho. Sintra je? Kwenda Ureno bila kuona kasri la Pena ni sawa na kwenda Zanzibar ukarudi bila kuona Mji Mkongwe.

#16 Mwambao_77

@Dereva_Mstaafu mzee wangu, sikatai Sintra, nakataa Sintra ya nusu siku. Ina kilima chake, tena kilima cha kweli. Mkiiweka, ni siku nzima, na Janelas Verdes mnaihamishia alasiri ya Belém badala ya feri.

Ikiwa mmeamua:

Treni inaondoka Rossio (kituo cha reli, si cha metro, ni lile jengo lenye milango miwili kama kwato za farasi). Safari ni dakika 40 hivi, nauli chini ya euro 3 kwa mtu. Pandeni isizidi saa mbili asubuhi.

Tiketi ya ndani ya kasri la Pena ina saa maalumu, na saa hiyo ni ya MLANGO WA KASRI, si ya lango la bustani. Hapa ndipo wanapofeli. Kutoka lango la bustani hadi mlango wa kasri ni mpando wa hadi dakika 30. Mkifika langoni saa nne kamili na tiketi yenu ni ya saa nne, mmeshachelewa, hawavumilii. Hesabu ya kurudi nyuma iko hivi: tiketi saa nne na nusu, lango la bustani saa nne kasoro, basi 434 kutoka kituo cha treni saa tatu na robo, Sintra saa tatu. Basi ndilo linaloharibu hesabu, kwa kuwa barabara ya juu ni nyembamba na yote inakwenda upande mmoja.

Msiende na gari la kukodi. Hakuna pa kuliweka.

Kurudi msingoje basi. Shukeni kwa miguu kupitia ngome ya Wamoor hadi kijijini. Alasiri kama miguu inaruhusu, Quinta da Regaleira, yenye kisima cha ngazi za mzunguko chenye kina cha mita 27. Kisimani mnapita upande mmoja tu, hamrudi mlikotoka.

Beba sweta hata kama Lisbon ni jua kali. Kilima cha Sintra kinavuta ukungu wa bahari na baridi yake.

#17 MsafiriWaThika

Chakula wakuu. Na halali?

#18 Mama_Ntilie_Ughaibuni

Hapo ni kwangu.

Kwanza, meza. Mkikaa tu, mhudumu analeta mkate, zeituni, jibini na siagi bila kuulizwa. Si takrima, kinaitwa couvert. Mkigusa mnalipa, kila kitu kwa bei yake. Msipokitaka semeni mapema kiondolewe. Kitu msichokiagiza wala kukigusa sheria haiwalazimishi kukilipia. Bili ikija someni mstari kwa mstari.

Mchana tafuteni "prato do dia", chakula cha siku, mara nyingi euro 10 hadi 14 kwa mtu. Jikoni hufungwa mchana, karibu saa tisa, na chakula cha usiku kinaanza saa moja na nusu au mbili. Mgahawa wenye picha za vyakula mlangoni na kijana wa kuwavuta mkono, upiteni.

Halali: Mouraria, mtaa wa Rua do Benformoso na kandokando ya Martim Moniz, kuna migahawa ya Wabangladeshi na Wapakistani iliyojaa. Msikiti Mkuu uko karibu na kituo cha metro cha Praça de Espanha. Baadhi ya Waislamu wa Lisbon asili yao ni Msumbiji. Kwingineko jihadharini na nguruwe aliyejificha. Caldo verde, supu ya majani, inawekewa kipande cha soseji ya nguruwe. Wali wa bata unapambwa kwa soseji hiyohiyo juu. Maneno ya kuyajua kwenye menyu: porco, presunto, chouriço, toucinho, banha (hii ya mwisho ni mafuta yake). Samaki wa kuchoma ni salama na ndio fahari yao.

Mkikuta mgahawa wa Cabo Verde, cachupa ni makande, msidanganywe na jina. Ulizeni tu nyama iliyomo. Wa Msumbiji wakiandika matapa, hicho ni kisamvu cha nazi na karanga.

Pastel de nata, kikeki cha mayai na maziwa: kile kiduka mashuhuri cha Belém, kilichoanza 1837, kina foleni ya kuchukua na kuondoka nje, huku ndani kuna kumbi kubwa za kukaa ambazo mara nyingi zinakwenda haraka kuliko foleni ya nje. Nyunyizeni mdalasini na mle cha moto. Kikipoa unga unanywea.

#19 Sheha_wa_Mtandaoni

Na lugha msiiogope. Mnayo nusu mfukoni. *Mesa* ni meza, *copo* ni kopo la glasi, *vinho* ni mvinyo, *bandeira* ni bendera, *lenço* ni leso, *fronha* ni foronya, *ananás* ni nanasi. Mwenye kucheza karata akiona wazee bustanini wanacheza atasikia *copas, ouros, espadas, paus* na *trunfo*. Nyumbani ni kopa, uru, shupaza, pau na turufu. Lakini *igreja* ni kanisa. Neno letu gereza ndiko linakoelezwa limetoka. Msimuulize mtu njia ya gereza.

Alfama nayo ni Kiarabu, al-hamma, yaani chemchemi za maji moto. Ni ndugu wa hamamu yetu.

#20 Kahawa_Chungu

Usalama wa fedha: tumieni mashine za benki zenye alama ya Multibanco, ukutani mwa benki. Zile zilizosimamishwa madukani kwenye mitaa ya watalii makato yake ni makubwa. Mashine ikiuliza kama ikukate kwa shilingi au kwa euro, chagua euro daima. Ikikukatia kwa shilingi inapanga yenyewe kiwango cha kubadilishia.

Baixa mtafuatwa na vijana wanaonong'ona kuuza bangi. Mara nyingi ni majani ya jikoni yaliyokaushwa. Semeni hapana, msisimame.

Soketi ni za matundu mawili ya duara. Plagi zetu za miguu mitatu hazichomeki, bebeni adapta mbili, kila mtu yake, au adapta moja na tawi la kuunganishia.

#21 BintiMrima

Swali la mwisho: usiku wa fado, ule uimbaji wa jadi wa Kireno, unawekwa wapi kwenye ratiba?

#22 Mwambao_77

Siku ya 1, mkishuka kutoka Graça. Machweo tazameni Miradouro da Senhora do Monte, kisha teremkeni Alfama au Mouraria kwa miguu. Wekeni nafasi kabla, na muulize mambo mawili kwa maandishi: kima cha chini cha matumizi kwa mtu, na wimbo unaanza saa ngapi. Nyumba zenye chakula kamili huanzia euro 40 hadi 60 kwa mtu. Taa zikipunguzwa, maongezi yanakoma, uma unatua, hata mhudumu anasimama alipo. Simu isiwake. Mkitaka kuondoka, ondokeni kati ya seti na seti.

Kurudi hotelini pigeni teksi ya programu ya simu, na muitie barabara kubwa. Dereva haingii kwenye vichochoro vya Alfama, atawapigia simu kwa Kireno mkiwa mmesimama gizani mnatazama kidoti kwenye ramani. Shukeni kwanza hadi uwanja wa Largo do Chafariz de Dentro, pale gari linafika.

Na siku ya kuondoka, someni tiketi: ndege nyingi za bei nafuu zinaondokea jengo la pili, T2. Metro haifiki huko. Mnashukia jengo la kwanza, mnapanda basi dogo la bure. Ongezeni dakika 20.